Kwa nini samaki wako anakukimbia? Sayansi ya kumzoesha sikilidi kwa watu

Umenunua samaki wa mapambo. Umewapangia mawe, umewawekea mchanga, pampu inatoa mapovu vizuri. Mgeni anakuja sebuleni, unamwambia "njoo uone", mnasogea wawili kwenye tangi na kufumba na kufumbua hakuna kitu. Mchanga, mawe na maji tu. Mkikaa kimya dakika kumi, mdomo mmoja unachungulia kutoka nyuma ya jiwe, unawaona, unarudi ndani.

Hapo watu huwa na majibu mawili. La kwanza: "huyu samaki ni mwoga tu, ndivyo alivyozaliwa." La pili: "samaki ana kumbukumbu ya sekunde tatu, hawezi kumzoea mtu." La kwanza ni kweli nusu, la pili si kweli kabisa. Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba samaki anayejificha ni mwanafunzi mzuri sana. Anajifunza kutoka kwako kila siku, utake usitake. Kazi yako ni kujua unamfundisha nini.

Na hili si suala la urembo wa sebule tu. Samaki anayeishi kwa hofu hali vizuri, hakui vizuri, hazai, na magonjwa humpata kirahisi. Wengi hufa mikononi mwa watu wanaowapenda, halafu lawama anatupiwa muuzaji.

Sikilidi ni nani?

Huenda jina hili ni geni kwako, lakini samaki mwenyewe umeshamla. Perege na sato ni sikilidi. Furu wa Ziwa Victoria ni sikilidi. Kuhe wa Ziwa Tanganyika naye yumo, na ni miongoni mwa wakubwa kabisa katika familia hiyo. Hata mkoa wetu wa Arusha una wa kwake: kwenye chemchemi za moto pembezoni mwa Ziwa Natron wanaishi sikilidi wadogo wa jenasi Alcolapia, wanaostahimili maji ya magadi ambayo yangewaua samaki wengi.

Kwa wafugaji wa samaki wa mapambo duniani kote, maziwa yetu matatu, yaani Tanganyika, Nyasa na Victoria, ni kama migodi ya Mererani. Ziwa Tanganyika peke yake lina aina zaidi ya 200 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani kwingine popote. Kuna frontosa mwenye nundu kichwani na milia mipana, kuna Tropheus anayekwangua mwani kwenye miamba, kuna wadogo wa sentimita chache wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Ukimwona frontosa kwenye tangi huko Ulaya, huenda jina la biashara yake likawa "Kigoma".

Sasa, samaki hawa wana kitu kimoja kinachowatofautisha na samaki wengi wa mapambo: wana maisha ya kijamii yenye mambo mengi. Wanalinda maeneo, wanalea watoto, wanajua nani mkubwa na nani mdogo. Kiumbe anayeishi hivyo lazima awe anasoma tabia za wengine. Na wewe unayesimama nje ya kioo, anakusoma pia.

Kinachotokea unaposogea

Jiweke kwenye nafasi yake. Ziwani, hatari nyingi hutoka juu: furukombe, mnandi, mdiria. Nyingine hutoka pembeni: samaki wakubwa zaidi, na fisi maji. Hatari zote hizi zina sura moja inayofanana: kitu kikubwa, chenye giza, kinachozidi kukua haraka machoni. Sasa fikiria mtu wa futi tano na zaidi anayetembea kwa haraka kuelekea tangi. Kwa jicho la samaki, huyo ni kitu kikubwa kinachozidi kukua haraka.

Hana muda wa kufikiri. Ndani ya ubongo wa samaki wengi kuna jozi ya seli kubwa za neva zinazoitwa seli za Mauthner, moja kila upande. Kishindo au mtikisiko wa ghafla upande mmoja huiwasha seli ya upande huo, nayo hutuma amri kwenye misuli ya upande wa pili. Mwili unajikunja kama herufi C, kisha samaki anachomoka. Yote hayo yanaanza ndani ya milisekunde kama 10 hivi. Wewe kupepesa jicho tu unatumia mara kumi ya muda huo au zaidi. Kwa hiyo usimlaumu. Amekimbia kabla hata ya kujua anamkimbia nani.

Kingine ni kwamba anakusikia kwa mwili mzima. Ukimpata perege sokoni, mwangalie ubavuni: utaona mstari wa vitobo vidogo unaoanzia karibu na kichwa kuelekea mkiani. Huo unaitwa mstari wa pembeni, na hupokea mitikisiko ya maji. Kwa sikilidi mstari huu huwa umekatika vipande viwili, na hiyo ni mojawapo ya alama za kuitambua familia hii. Mlango unaobamizwa, spika iliyowekwa juu ya meza moja na tangi, mtoto anayegonga kioo kwa kidole: vyote vinafika kwake, na kioo kugongwa kunafika vikali zaidi.

Baada ya mkimbio wa kwanza, mfumo wa pili unaanza taratibu. Mwili unamwaga homoni ya kotisoli, ileile inayopanda kwa binadamu mwenye msongo wa mawazo. Ikipanda na kushuka, hakuna shida, inamsaidia kupata nguvu za kujiokoa. Ikikaa juu siku hadi siku, inakuwa balaa: kinga ya mwili inashuka, ukuaji unadorora, uzazi unasimama. Ndiyo maana nilisema hili si suala la urembo.

Kagua tangi kwanza

Kabla ya kuanza kumfundisha samaki, hakikisha hana sababu nyingine ya kujificha. Mtu mgonjwa aliyelala kwenye baridi hawezi kufundishwa kitu.

Joto. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika hukaa takriban nyuzi 24 hadi 28 mwaka mzima. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na sisi wa Sekei tunaojua baridi ya Julai inayoshuka kutoka Meru hatuhitaji kuelezwa. Tangi lisilo na hita kipindi hicho linaweza kushuka chini ya nyuzi 20. Samaki wa maji ya uvuguvugu akipoa, anazubaa, anaacha kula na anakaa pembeni. Ukimwona hivyo utasema ni mwoga, kumbe anasikia baridi. Kipimajoto cha bei ndogo kinamaliza ubishi. Umeme ukikatika usiku, funika tangi kwa blanketi pande zote huku ukiacha nafasi ya hewa juu.

Maji. Kama maji yako ya bomba yametiwa klorini, yaache wazi kwenye ndoo siku nzima kabla ya kuyatumia. Na badilisha sehemu tu, robo hivi kwa wakati, usimwage tangi zima. Tangi likimwagwa lote, bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki hupungua, na amonia hupanda. Amonia inaunguza mashavu ya samaki, naye anaonyesha maumivu hayo kwa kujificha au kuhema haraka.

Maficho. Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Mtu akiona samaki wanajificha, anaondoa mawe ili waonekane. Matokeo yake ni kinyume: samaki wanabanana kwenye kona, rangi zimefifia, wanahema kwa nguvu. Ukiongeza maficho, wanaanza kutoka. Ni kama mtoto mdogo mbele ya wageni: akijua mlango wa chumbani uko wazi anathubutu kukaa sebuleni, ukiufunga anang'ang'ania gauni la mama. Kila samaki awe na pango lake, na upande wa nyuma na pembeni wa tangi ufunikwe kwa karatasi nyeusi au ya bluu, ili hatari iwe na upande mmoja tu wa kutokea.

Mwanga na kimo. Usiwashe taa ya tangi ghafla chumba kikiwa giza. Washa ya chumba kwanza, subiri dakika kumi, ndipo uwashe ya tangi. Na tangi lililowekwa chini karibu na sakafu huwafanya samaki wamwone kila mtu akija kwa juu, kama ndege. Lipandishe kwenye meza imara, usawa wa kifua cha mtu.

Mbabe. Wakati mwingine anayemficha samaki si wewe, ni mwenzake. Kaa mbali uangalie. Kama kuna mmoja anayewakimbiza wengine hata ukiwa hupo, tatizo ni la ndani ya tangi, na kukuzoea wewe hakutalitibu.

Kuzoea, na kuhusisha

Tangi likiwa sawa, sasa tuje kwenye somo lenyewe. Wanasayansi wa tabia hutenganisha aina mbili za kujifunza ambazo kwa Kiswahili cha mtaani tunaziita zote "kuzoea".

Aina ya kwanza ni kuzoea kwenyewe. Kitu kikirudia mara nyingi bila madhara, mnyama anaacha kukijibu. Ng'ombe anayechungwa kando ya barabara ya Moshi hashtuki lori. Hapa Sekei kuna kaka mmoja kinyozi mwenye tangi dogo kwenye saluni yake. Watu wanaingia na kutoka kutwa nzima, mashine inanguruma, redio inapiga, na samaki wake wanaogelea mbele kabisa ya kioo. Samaki wa aina ileile kwenye sebule tulivu wanajificha. Watu hudhani utulivu ndio unaotuliza samaki, lakini samaki wa saluni ameona mamia ya watu wakikaa karibu naye bila kumfanya lolote. Samaki wa sebuleni anaona mtu mara mbili kwa siku, na kila mara kuna kinachotokea.

Na hapo ndipo inapoingia aina ya pili: kuhusisha. Mnyama anajifunza kwamba kitu fulani kinatangulia kingine. Mwanabiolojia Karl von Frisch, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya nyuki, aliandika mwaka 1923 kuhusu kambare mdogo aliyemfundisha kuja akipigiwa mluzi. Alikuwa akipiga mluzi, kisha anampa chakula. Baada ya siku kadhaa samaki akawa anatoka kwenye maficho yake kwa mluzi tu. Wafugaji wa perege kwenye mabwawa wanalijua hili bila kusoma popote: ukifika ukingoni saa ya chakula, maji yanachemka kwa samaki.

Lakini upanga huu unakata kuwili. Watafiti wa Brazil walimfanyia jaribio sato, ndugu yake perege. Kwa siku kadhaa mfululizo walimwonyesha ishara ya mwanga, kisha wakambana mahali padogo, jambo linalompa samaki msongo. Mwishoni walimwonyesha mwanga peke yake, bila kumbana. Kotisoli ilipanda vilevile. Samaki alikuwa ameanza kuteseka kwa kuona dalili tu ya mateso.

Sasa jiulize kwa ukweli: wewe kwenye maisha ya samaki wako ni ishara ya nini? Kama unasogea karibu siku za kusafisha tu, na unakuja na wavu, mpira wa kunyonyea maji na mkono unaohamisha mawe, basi umeshafanya jaribio lile la Brazil sebuleni kwako. Sura yako imekuwa ule mwanga.

Mwenzake akitulia, naye anatulia

Kuna njia nyingine ya kumtuliza samaki isiyopitia kwako kabisa. Mtaalamu wa sikilidi George Barlow wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa na tatizo ambalo mfugaji yeyote analijua: alitaka kuchunguza tabia za samaki wake, lakini akikaa mbele ya tangi wanaganda au wanajificha. Mwaka 1968 alichapisha suluhisho. Aliwachanganya na samaki wengine wadogo, watulivu, wanaopenda kuogelea kwa kundi sehemu ya wazi. Wale waoga wakatoka.

Sababu yake inaeleweka. Samaki aliye pangoni hawezi kuona kila kitu, ila anaweza kuwaona wenzake. Kama wenzake wanazunguka juu bila wasiwasi, maana yake hakuna adui. Wakitoweka ghafla, naye anajibana zaidi. Ni kama kijiji: watoto wakiendelea kucheza nje, unajua hakuna shida, wakinyamaza wote mara moja, unatoka kuangalia.

Kwa tangi la samaki wa Tanganyika wenye miili midogo, samaki mzuri wa kazi hii ni Cyprichromis leptosoma, mwembamba, wa kundi, anayeogelea katikati ya maji, na anatoka ziwa lilelile kwa hiyo maji hayamsumbui. Weka kundi, angalau wanane, si wawili. Tahadhari moja: usimweke na frontosa wakubwa. Ziwani frontosa huwala Cyprichromis alfajiri wakiwa bado wamezubaa. Kwa frontosa dawa ni kuwafuga wao wenyewe kwa kundi, na katika tangi kubwa. Mmoja au wawili peke yao watabaki waoga hata ufanyeje.

Jinsi ya kumfundisha, hatua kwa hatua

Hakuna siku maalum za kuhitimu. Wengine huelewa ndani ya wiki, wengine miezi. Pima kwa samaki, si kwa kalenda.

Kwanza, tafuta umbali wa amani. Sogea pole pole mpaka uone samaki wanaanza kusimamisha mapezi au kurudi nyuma. Rudi hatua mbili. Hapo weka kiti. Kaa kila siku muda uleule, robo saa, fanya shughuli zako: soma, chati, kunywa chai. Usiwakodolee macho.

Pili, usiondoke wakiwa wamejificha. Hapa wengi huharibu. Ukiondoka kila wanapokimbia, unawafundisha kwamba kukimbia kunafanya kazi: "tulijificha, jitu likaondoka." Subiri hata mmoja atoke, ndipo uondoke taratibu. Lakini pia usiwalazimishe kwa kuwasogelea hadi puani. Hofu kubwa inayorudiwa haizoeleki, inazidi.

Tatu, wewe kwanza, chakula baadaye. Mpangilio una maana. Ishara lazima itangulie zawadi. Fika, kaa kidogo, toa ishara moja isiyobadilika, mfano kufungua kopo la chakula kwa sauti ileile, kisha weka chembe chache. Ukitupa chakula mbio mbio na kuondoka, hawatakuhusisha na chochote. Wape kidogo mara mbili au tatu badala ya kingi mara moja, maana chakula kinachobaki kinaoza na kurudisha lile tatizo la amonia. Na uwape kinachowafaa: Tropheus ni mla mwani, ukimjaza vyakula vya nyama ili akupende haraka utamwua kwa ugonjwa wa tumbo.

Nne, punguza umbali. Kila wakitulia kabisa, sogeza kiti kidogo. Njoo kwa ubavu, si uso kwa uso, na ukikaribia inama ili usiwe mrefu juu yao. Wakirudi kujificha, umekwenda haraka. Rudi hatua moja, hakuna aibu.

Tano, tenganisha siku ya usafi. Siku ya kusafisha iwe na ishara yake, mfano kitambaa cha rangi fulani unachoweka ukingoni mwa tangi kabla ya kuingiza mkono. Samaki ataweza kutofautisha: kitambaa kikiwepo ajifiche, kisipokuwepo ni salama. Bila hivyo, hofu ya siku moja inachafua siku sita nzuri. Kama lazima umkamate samaki, usimkimbize tangi zima. Mkamate chumba kikiwa giza, kwa nyavu mbili pole pole, au mwelekeze aingie kwenye chombo cha plastiki.

Sita, alika watu wengine. Alichokizoea samaki kinaweza kuwa ni wewe tu. Mwambie mdogo wako, mama, au jirani naye awalishe siku moja moja. Watoto wafundishwe mapema: macho ruksa, vidole kwenye kioo hapana.

Ukisafiri wiki mbili, ukirudi utakuta hofu imerudi kiasi. Usikate tamaa. Kwa kawaida somo lililosahaulika hujifunzwa upya kwa haraka kuliko mara ya kwanza.

Je, anakujua wewe?

Wafugaji wengi huapa kwamba samaki wao wanawatofautisha na wageni. Sayansi inasemaje?

Tuanze na sikilidi mwenyewe. Mwaka 2015 watafiti kutoka Osaka, Japani, walichapisha utafiti juu ya Neolamprologus pulcher, sikilidi wa Ziwa Tanganyika anayeishi kwa ukoo: wazazi, na wasaidizi wanaowalelea watoto. Kila mmoja ana alama za rangi usoni zisizofanana na za mwenzake. Watafiti walitengeneza picha zenye uso wa samaki mmoja na mwili wa mwingine. Samaki waliwatambua jirani zao kwa uso, si kwa mwili, na walifanya hivyo chini ya nusu sekunde.

Je, uso wa binadamu? Mwaka 2016 watafiti walimfundisha samaki anayewinda wadudu kwa kuwatemea maji, atemee picha ya uso mmoja wa mtu. Walipomchanganyia na nyuso nyingine 44 zisizo za kawaida kwake, alichagua sahihi kwa wastani wa asilimia 81. Na mwaka 2025 watafiti waliozamia kwenye bahari ya Mediterania walionyesha kwamba samaki wa porini walijifunza kumfuata mzamiaji aliyewapa chakula na kumwacha asiyetoa kitu. Lakini wazamiaji walipovaa mavazi yanayofanana, samaki walichanganyikiwa. Walikuwa wanatazama rangi za vifaa.

Hao wawili wa mwisho si sikilidi, ila funzo ni la wote: jicho la samaki na kumbukumbu yake vinatosha kumtofautisha mtu na mtu, na alama anayotumia inaweza kuwa nguo yako. Kwa hiyo wiki za mwanzo, fulana moja ya rangi ileile saa ya kulisha si ushirikina. Ni ufundishaji mzuri.

Mtulivu, au aliyekata tamaa?

Hapa naomba umakini. Samaki asiyekimbia si lazima awe amekuzoea. Kuna kuganda kwa hofu: amelala chini, mapezi yamebana, rangi imefifia au imekolea isivyo kawaida, anahema haraka. Ukimwona hivyo usiseme "ametulia". Hesabu anavyofungua na kufunga vifuniko vya mashavu kwa dakika moja wakati hakuna mtu karibu, kamera ya simu inaweza kukusaidia, kisha hesabu ukiwa umekaa mbele yake. Idadi zikikaribiana, mko vizuri. Ikipanda sana ukifika, bado kuna kazi.

Samaki aliyezoea kweli anaonekana kwa mambo anayoyafanya ukiwepo: anakula, anachimba mchanga, anagombana na jirani yake, anatongoza. Yaani anaendelea na maisha yake. Na anayekujia kwa kasi na kugonga kioo huenda hakukusalimia. Sikilidi mwenye mayai au watoto hulinda eneo lake hata dhidi ya mtu. Mwache alee.

Pia kubali kwamba samaki hawalingani. Ndani ya aina moja wapo jasiri na wapo wapole, na tofauti hiyo huonekana tena na tena kwa samaki yuleyule. Malezi nayo yana nafasi yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, walionyesha kuwa Neolamprologus pulcher waliokua pamoja na wakubwa wao walijua zaidi kuishi na wenzao kuliko waliokua peke yao na rika lao. Kwa hiyo samaki aliyevuliwa ziwani na yule aliyezaliwa tangini hawaanzii darasa moja. Ile "nusu kweli" ya mwanzo ndiyo hii: uoga mwingine ni wa kuzaliwa. Ila umbali ambao mwoga anaweza kusogea ni mkubwa kuliko wengi tunavyodhani.

Kwa nini tujali?

Kwa sisi tunaofanya utafiti, jibu ni rahisi: samaki mwenye hofu anatoa data ya hofu. Ukipima ulaji, ukuaji au uzazi wa perege anayeogopa kivuli chako, umepima kivuli chako. Somo alilolichapisha Barlow mwaka 1968 bado linawahusu wanafunzi wanaokwenda kukaa mbele ya matangi leo.

Kwa mfugaji wa bwawa, samaki anayekimbia mtu ni chakula kinachozama bila kuliwa, yaani pesa. Na kwa anayefuga samaki wa mapambo, kuna jambo la haki. Sikilidi wengi wa Tanganyika walioko kwenye matangi wametokana na samaki waliovuliwa kwenye miamba yetu, na kila anayekufa kwa msongo huenda akabadilishwa na mwingine wa kuvuliwa. Kumpa huyu uliye naye maisha marefu na tulivu ni njia ndogo ya kulitunza ziwa ukiwa mbali nalo.

Kwa hiyo kesho ukipita mbele ya tangi lako, punguza mwendo. Vuta kiti, kaa, usifanye lolote. Kwa samaki anayekuogopa, robo saa ya wewe kutofanya lolote ni somo kubwa, na atakapomaliza kulisoma utamwona anatoka mwenyewe.